Je, sheria huzuia majeraha kweli, au elimu inatosha?
Ndugu, umeuliza kama sheria za usalama zinapunguza majeraha au ni mtego wa kukusanya faini tu, na kama elimu isingetosha. Elimu peke yake haitoshi. Mkanda wa gari unaopita begani na kiunoni ulianza mwaka 1959, lakini kwa miaka mingi watu wengi waliuacha ukining'inia. Jimbo la Victoria, Australia, ndilo la kwanza kulazimisha mikanda ivaliwe, mwaka 1970.

Mimi navutiwa zaidi na sheria zisizomsumbua sana mtumiaji. Mwaka huohuo wa 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka dawa na kemikali hatari za nyumbani zifungwe kwa vifuniko ambavyo mtoto mdogo hafungui kirahisi. Hapo humtegemei mzazi aliyechoka akumbuke kuficha chupa; mzigo anabebeshwa mwenye kiwanda. (Wazee wenye vidole vigumu hulalamika, na wana haki.)

Kwenye faini nakubaliana nawe nusu. Faini kubwa isiyotozwa haimtishi mtu, ila dereva anayejua atakamatwa leo hupunguza mwendo hata kama faini ni ndogo. Ukisoma sera yoyote, tafuta kwanza nani anakagua, na mara ngapi.