Ukienda Pavia, Muulize Mwongozaji Kuhusu Yule Mwafrika

Dada mmoja msomaji wangu ameniandikia: yuko Milano, Italia, kwa mafunzo, ana Jumamosi moja ya mapumziko, je alipie ile ziara ya miguu ya mji jirani wa Pavia? Lipa, dada. Ni mwendo wa nusu saa tu kwa treni. Ila usikubali kuburuzwa.

Nasema hivi kwa sababu ziara yangu ya kwanza niliilipia, na mpaka leo inaniuma. Mwongozaji alikuwa hodari, sikatai. Alianzia San Michele Maggiore, kanisa la mawe ya mchanga yaliyolika hata wanyama waliochongwa ukutani hawatambuliki. Humo Federico Barbarossa alitawazwa mfalme wa Italia mwaka 1155. Tukateremka hadi mto Ticino, kwenye Ponte Coperto, daraja lenye paa. Lile la karne ya 14 liliharibiwa kwa mabomu ya Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944. Hili tulilokanyaga lilizinduliwa 1951, jirani kabisa na lilipokuwa la zamani. Chungulia majini, mabaki ya nguzo za kale yapo. Ng'ambo ni Borgo Ticino, na sanamu ya mama anayefua nguo. Mpaka hapo nilifurahi.

Kisha tukaingia kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro. Akatueleza kaburi la marumaru lililoanza kuchongwa mwaka 1362, akasifu mafundi weee! Kuhusu aliyezikwa humo akasema ni mwanafikra mkubwa wa Kirumi. Basi. Nikanyoosha mkono: huyu si Augustino, aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354? Si alikuwa askofu wa Hippo, hukohuko Afrika, hadi alipofariki mwaka 430? Akatabasamu, akatazama saa, akasema kundi linasubiriwa.

Tangu hapo wageni wangu kutoka nyumbani nawatembeza mwenyewe, tena bure. Juzi nilikuwa na wanakwaya, mmoja wao mwalimu aliyesoma SAUT, Mwanza, chuo chenye jina la Augustino huyuhuyo. Nikamweleza jinsi Liutprando, mfalme wa Walombardi waliotawala hapa zamani, alivyoyatoa masalia ya Augustino Sardinia katika karne ya 8 akayaleta hapa. Akaniuliza mara mbili kama sitanii. Kisha akaita wenzake wote, akaanza kuwafundisha yeye, mimi nikawa msikilizaji! Nawaambieni, hata wazungu waliokuwa wakipita walisimama.

Ndugu zangu, tunavuka bahari kwa nauli ya kukopa, tukifika tunanyamaza kama tumealikwa kwa huruma. Kwa nini? Umelipa, uliza. Akikujibu nusu, uliza tena. Soma kidogo usiku wa kuamkia safari, hata kwenye simu, uwe na swali lako moja mkononi. Hii habari ya kufuata bendera ya mwongozaji na kupiga picha kila kona, halafu unarudi huna unachosimulia, tuiache.

Viatu viwe vya kawaida. Mitaa mingi imetandikwa mawe ya mtoni na visigino havitoboi. Na wewe dada, mwombe mwongozaji aanze na San Pietro asubuhi, daraja lifuate. Makanisa mengi ya Italia hufungwa mchana, ila daraja halifungwi.