Semla ni ya Jumanne, isiliwe Januari

Mwaka wangu wa kwanza Sweden nilianza kula semla wiki ya pili ya Januari. Zilijaa kwenye vioo vya kila duka la mikate: andazi nene limekatwa kifuniko, ndani lozi zilizosagwa, krimu imefurika pembeni, na juu sukari ya unga. Nikala leo, nikala kesho. Ilipofika Jumanne yenyewe, ile ya mkesha wa Jumatano ya Majivu, nilikuwa nimeshazikinai, na Kwaresima ikaniingilia bila kubisha hodi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoishi huku, nawasihi: subirini. Siku yenyewe wanaiita fettisdagen, yaani Jumanne ya mafuta, na huangukia siku 47 kabla ya Pasaka. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 9 Februari. Zamani ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kula vinono kabla ya mfungo. Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yakauondoa mfungo, andazi likabaki. Enzi hizo lilikuwa mkate mtupu wa ngano, na watu wakaja kulila limelowekwa kwenye maziwa ya moto. Krimu tunayoijua ilifuata baadaye sana. Mfalme Adolf Fredrik alifariki Jumanne hiyohiyo, tarehe 12 Februari 1771, baada ya mlo mzito ulioishia na semla ya kwenye maziwa. Mpaka leo Wasweden wanakisimulia kifo chake kila msimu ukifika.

La pili, zipike mwenyewe. Ukijua mahamri, nusu ya kazi umeshaimaliza, maana roho ya semla ni iliki. Usinunue ya unga. Menya punje, zitwange kwenye kinu mpaka harufu ijae jikoni, uweke vijiko viwili vidogo kwa nusu kilo ya unga. Ongeza maziwa robo lita, siagi gramu 100, yai moja, sukari kiasi na hamira.

Bibi mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyenifundisha kukanda. Nilikuwa naongeza unga kila donge liliponing'ang'ania vidoleni, akanishika mkono. Akalibonyeza kwa kidole, tukalitazama shimo likijirudisha polepole. "Acha linate," akaniambia, "siagi italituliza." Alisema kweli. Unga ukizidi, andazi linatoka kavu, na krimu haiwezi kuliokoa.

Umua, fanya madonge 12, umua tena, kisha oka dakika nane hadi kumi kwa moto wa nyuzi 225. Halafu yaache yapoe kabisa. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: wageni walikuwa wameshakaa, nikapaka krimu maandazi yakiwa vuguvugu. Ikayeyuka yote, ikatiririka hadi kitambaa cha meza.

Yakishapoa, kata kifuniko, chokoa nyama ya ndani kwa uma, na usiitupe. Ichanganye na lozi zilizosagwa pamoja na sukari, ongeza maziwa kidogo, uirudishe ndani. Mchanganyiko huu ndio unaoitofautisha semla ya nyumbani na zile nyingi za dukani, ambazo lozi zake hukaa kama donge la peremende. Kisha krimu, kifuniko, sukari ya unga.

Angalau moja ile kwa namna ya zamani: iweke kwenye bakuli lenye kina, mimina maziwa ya moto pembeni, nyunyiza mdalasini. Andazi linanyonya taratibu, iliki inapanda puani. Kwangu mimi ni harufu ya asubuhi ya Krismasi nyumbani, karai liko jikoni na watoto wanaambiwa wangoje.

Mezani kwetu tunasali kwanza, kisha kila mmoja anataja atakachojinyima kwa siku 40. Mwanangu mdogo mwaka huu alitaja sukari kwenye chai, huku krimu ikiwa bado puani.

Zikibaki, usizifungie kwenye friji kungojea kesho. Mimi huzipanga kwenye sinia usiku uleule nikashuka nazo ghorofa ya chini kwa majirani. Sinia hurudi Jumatano, limeoshwa.