Tuisheni ya hesabu: mtandaoni, darasani au kuchanganya? Uzoefu wangu wa Tanga

Mkuu, umeuliza kama kituo chenu cha tuisheni hapo Bagamoyo kihamie mtandaoni moja kwa moja, kibaki darasani, au kichanganye, maana wanafunzi wa Kiwangwa na Msata wanalia na nauli. Mimi nafundisha hesabu Ngamiani hapa Tanga, darasa la jioni la wanaorudia kidato cha nne: waendesha bodaboda, kina mama wenye maduka, vijana wa bandarini. Njia zote tatu nimezipitia. Iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya kuchanganya, na ndiyo mabosi wa vituo huidhania rahisi.

Mtandaoni niliingia kwa lazima kama wengi, 2020. Shule zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarudi Juni 1, waliobaki Juni 29. Katikati hapo darasa langu likawa grupu la WhatsApp: natuma picha ya swali, sauti ya dakika mbili tatu, wanajibu. Watu wakizungumzia shida za mtandaoni huanza na bando. Sawa, bando linauma, lakini lina dawa: sauti na picha hazili MB kama video, na mtu anaweza kuzipakua akiwa na bando la usiku la bei nafuu. Umeme kukatika tumeshazoea. Hata Mei 12, 2024, kebo za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba karibu nchi nzima, somo lilisogea mbele tu, halikufa.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba mtandaoni sioni kalamu. Chukua hili: 3x − 7 = 2x + 5. Darasani nimesimama nyuma ya bega la mwanafunzi, naona kalamu inasita pale anapohamisha ile −7. Nasema "angalia ishara", basi, anakata na kuendelea, anapata 12. Mtandaoni naletewa picha ya daftari saa nne usiku, imepigwa kiubavu, kivuli cha mkono kimefunika nusu ya ukurasa, jibu x = −2. Inakuja picha ya pili, x = −2. Ya tatu, x = −2. Hapo niambie nani kakosea na nani kanakili! Ukiuliza "mmeelewa?" unamiminiwa vidole gumba. Darasani nako wataitikia "ndiyo mwalimu" vilevile, ila pale namwita mmoja ubaoni na ukweli unajulikana.

Kukutana mubashara kwenye Zoom ya bure nako ni dakika 40, na robo yake inaishia kwenye "mwalimu, sauti inakatika".

Nisiuonee mtandao, lakini. Nilikuwa na mama mmoja ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, vijana walikuwa wanacheka sana mtu akikosea. Tulipohamia kwenye simu akawa ananiandikia pembeni kila siku, maswali ya maana kuliko ya hao waliokuwa wanacheka. Watu wa aina hiyo wapo kila darasa, na ana kwa ana tunawapoteza kimyakimya.

Sasa kuchanganya kwa wakati mmoja, nusu wako mbele yako na nusu wako kwenye simu. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya dawati la mbele. Nikigeukia ubao, sauti inapotea. Aliyeko Pangani haoni nilichoandika kwa sababu ya mng'ao wa taa. Mtu wa nyuma akiuliza swali, wa kwenye simu halisikii, anasikia jibu tu linaelea. Nikiinama kumhudumia huyo wa simu, darasani stori zimeanza. Kila upande unaona umelipa ada ili kumsubiri mwenzake.

Siku hizi nachanganya kwa siku, si kwa saa. Katikati ya wiki ni simu tu: sauti fupi, mfano mmoja uliokokotolewa hatua kwa hatua, maswali matatu. Jumamosi wote wanakuja, wa mjini na wa mbali, na sifundishi kitu kipya; ni kalamu tu na mimi napita kati ya madawati. Wa mbali analipa nauli mara moja kwa wiki. Ikifika Septemba naongeza siku ya kukutana, kwa sababu karatasi ya Novemba ni saa 3 kwa mkono, na sijaona mtu anayekaa saa 3 nyumbani na watoto bila kunyanyuka.

Bosi wenu aking'ang'ania wakati mmoja, angalau mteueni mwanafunzi mmoja kila kipindi awe wa simu: asome maswali yanayoingia, amkumbushe mwalimu kurudia swali la darasani kabla ya kulijibu. Na mwandiko uwe mkubwa.

Kuhusu ada, wazo la kuwatoza wa mtandaoni nusu kwa kuwa "hawakalii kiti" silikubali. Kusahihisha zile picha za kiubavu kunanila muda kuliko kusahihisha madaftari mezani, na hapo sijahesabu anayenipigia saa tano usiku kuuliza −7 imekwenda wapi.