Ukihisi hewa haitoshi, usivute zaidi

Kuna dada kaniandikia wiki hii, anasema usiku anaamka kifua kimebana, anavuta hewa haifiki chini, midomo ina ganzi, vidole vinakakamaa, kapima moyo na mapafu viko sawa na sasa nyumbani wanamwambia anadeka. Dada, machozi yamenilengalenga, maana mi niliambiwa na daktari mbele ya watu niache kuigiza. Miaka imepita na bado inaniuma.

Huigizi. Unahema kupita mahitaji ya mwili, unatoa hewa ya ukaa nyingi mno, damu inazidi kuwa ya alikali, yaani asidi yake inapungua, mishipa ya kichwani inasinyaa ndo hicho kizunguzungu, kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka ndo hiyo ganzi na vidole kujikunja. Oksijeni ipo tele, kile kifaa cha kidoleni kinasoma 98 au 99, ila hewa ya ukaa ikipungua, himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, inaing'ang'ania haiiachii vizuri, na hili la hewa ya ukaa na himoglobini mwanasayansi wa Denmark Christian Bohr na wenzake walilionyesha toka 1904! Kwa hiyo ukizidi kuvuta ndo unazidi kuumia.

Na si lazima uheme kama uliyekimbia. Mi nilikuwa napiga miayo na kushusha pumzi ndefu siku nzima, watu wanadhani nina mawazo, kumbe ndo kuhema kulikopitiliza kwa chinichini.

Kilichonisaidia ni kutoa pumzi, sio kuvuta. Funga mdomo, vuta kidogo kwa pua ukihesabu hadi nne, toa polepole hadi sita, tumbo liinuke, mabega yatulie. Fanya kila siku ukiwa mzima, usingoje mpaka ukamatwe, kwenye hofu hujifunzi kitu. Polepole jamani, polepole!

Ule ushauri wa kuhemea ndani ya mfuko wa karatasi achaneni nao kabisa, kama kumbe ni pumu au moyo utamnyima mtu oksijeni anayoihitaji. Na ikikutokea mara ya kwanza nenda hospitali, kwa sababu damu iliyoganda kwenye mapafu, maambukizi makali na sukari iliyopanda sana navyo vinamfanya mtu aheme mbio. Nyie mnaoishi na mtu wa hivi, msimwambie anadeka, kaa naye, hema taratibu mbele yake akufuate.