Kibarua, andika siku zako

Ndugu unayefanya kazi ya siku kwa siku hapa Lubumbashi, iwe karakana, ghala au kampuni ndogo inayopewa kazi na migodi, nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, kazi uliyofanya, jina la kapita aliyekusimamia na pesa uliyopokea. Tumia kalamu ya wino.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakulinda. Ukishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, wakakuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yako, yaani mkataba wa kazi, inahesabiwa haina kikomo, hata kama hujatia saini popote. Waajiri wanaijua hesabu hiyo, ndiyo maana siku zikikaribia utaambiwa "pumzika kwanza".

Mahali nilipofanya kazi, orodha ya mahudhurio ilikaa kwa kapita peke yake. Mwenzetu alipofukuzwa, jina lake halikuonekana humo kwa mwezi mzima. Yeye alikuwa akiandika nyuma ya daftari la shule la mwanawe, baada ya kurasa za hesabu. Mbele ya inspekta wa kazi, tarehe zake zikalingana na zetu, hadi malori tuliyopakua. Alilipwa.

Tena, msifichane malipo. Sheria hiyohiyo inasema kazi, ujuzi na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa, bila kujali asili, jinsia wala umri. Bosi akimwongezea mmoja kwa kuwa ni wa kwao, hasira haimfikii bosi, inamwangukia jirani. Sisi wa Katanga tusilichukulie hili kama dogo. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi hapa Katanga, walifukuzwa, familia zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na manung'uniko ya nani ameshika kazi ya nani yalikuwa kati ya maneno yaliyowachochea watu. Inaniuma nikisikia vijana wakiyarudia mlangoni pa kiwanda.

Mkiwa na madai, anzeni kwa inspekta, kwa maana mahakama ya kazi haipokei kesi ambayo haijapitia usuluhishi wake. Nendeni pamoja, na akina mama wanaofagia na kupika wawemo. Msitoke bila nakala ya karatasi inayoonyesha kama mmepatana au la, mahakamani wataiulizia.