Mtoto anayeshuhudia mama yake akipigwa
SWALI: Mdogo wangu hupigwa na mumewe mara kwa mara. Mtoto wao wa miaka 3 hajaguswa, lakini uzito wake hauongezeki na maneno yamepungua. Je, kuna uhusiano? – Dada mkubwa, Morogoro.

JIBU: Inawezekana sana, dada yangu. Hofu ya kila siku huufanya mwili wa mtoto utoe homoni za msongo kwa muda mrefu, usingizi ukakatika, hamu ya chakula ikapungua, na ubongo, ambao hukua kwa kasi katika miaka ya mwanzo, ukashughulika na kujihami badala ya kujifunza lugha. Mama naye, akiwa na majeraha na sonona, hushindwa kumlisha na kuzungumza naye kama angependa. Huo si uzembe. Mpelekeni mtoto kliniki, kwa kuwa maradhi mengine huleta dalili hizo hizo. Ushauri wa kuvumilia kwa ajili ya watoto, hata ukitolewa kwa nia njema, huwaumiza watoto wenyewe. Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea kesi za ukatili, lipo katika vituo vya polisi, na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Kwanza mwandalieni mdogo wako na mtoto wake mahali salama pa kulala, maana wakati wa kuondoka kwa mume mpigaji huwa na hatari kubwa.