Mnaoanza kufundisha watoto kilimo, anzeni na sahani, jembe lije baadae

Nina miaka kadhaa sasa nafundisha watoto na vijana mambo ya shamba, na karibu kila msimu anakuja mwalimu mpya ana moto kweli kweli, siku ya kwanza tu keshawapanga watoto mstari, keshawagawia majembe, wanapiga matuta mpaka jua la saa sita, wiki ya pili nusu hawaji na waliokuja wamenuna. Mi nilianza hivyo hivyo. Nilidhani mtoto akishika jembe ndo kajifunza kilimo, kumbe kajifunza kuchoka tu, mana hajui anachimbia nini.

Kwaio ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine yote shika huu, anza na chakula chenyewe. Waulize wamekula nini jana, chagueni kimoja, tuseme mkate, alafu mrudi nacho nyuma pole pole. Kabla haujawa mkate ulikuwa nini, unga. Unga ulikuwa nini, punje za ngano. Nani alisaga, nani alibeba, nani alivuna, na kabla ya kuvunwa ilikuwaje, hapo ndo utawaambia kwamba ngano ni jamii ya nyasi, na mpunga na mahindi pia, utaona macho yanavyowatoka. Mahali fulani mtakwama, hakuna anayejua, na hata wewe hujui. Paandikeni ubaoni, hapo mlipokwama ndo somo la wiki ijayo.

Na usiogope kukosea mbele yao. Mimi niliwahi kuwaambia watoto kwamba karanga ni mizizi, yaani nilisema kwa kujiamini kabisa, siku tunang'oa binti mmoja akashika mche akaniuliza mbona hii imening'inia kwenye kijiti kinachotoka juu? Alikuwa sahihi. Ua la karanga linatoka juu ya ardhi, likishachavushwa linatoa kijiti kinachoinama chini na kuingia kwenye udongo, na huko ndani ndo ganda linajijaza. Nilimwambia umenifundisha, tukachora wote upya, na toka siku hiyo lile darasa likawa linachimba na kuchungulia kila kitu. Mtoto akishaona kwamba mwalimu anaweza kusahihishwa na mmea wenyewe, anaanza kuuangalia mmea na anaacha kukutazama wewe usoni kutafuta jibu.

Kuhusu zao la kuanzia, piga hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule. Mwaka wangu wa kwanza tulipanda mahindi tumechelewa, mahindi yanataka miezi mitatu mpaka minne hivi kutegemea mbegu na hali ya hewa, shule ikafungwa yakiwa bado machanga, waliporudi hakuna kitu, wanyama walishamaliza. Wale watoto walilima, wakapalilia, wakabeba maji, hawakula hata punje moja, na mpaka leo inaniuma. Anza na vitu vya haraka, figili ndogo zile za duara zinaweza kuwa tayari ndani ya mwezi mmoja, mboga za majani nazo haziko mbali. Maharage yanachukua muda zaidi ila kuota kwake ni shoo peke yake, weka mbegu kwenye gilasi na pamba iliyolowa, ndani ya siku chache mzizi unatoka kabla ya kitu kingine chochote, alafu igeuze ile mbegu juu chini muache kwa siku mbili mrudi muangalie, mzizi utakuwa umepinda unaelekea chini tena. Usielezee kwanza, waache wabishane wenyewe.

Mahindi mtayapanda baadae mkishazoea kuhesabu taimu, na mkiyapanda msiyaache bila kufundisha habari ya zile ndevu. Kila uzi mmoja wa ndevu unaenda kwenye punje moja, na chavua inayodondoka kutoka kwenye mbelewele kule juu isipougusa ule uzi basi ile punje haijai. Kwaio ukipata gunzi lina mapengo usilitupe, lile ndo somo zuri kuliko gunzi lililojaa. Wahesabu mapengo, wakumbuke hali ya hewa ilivyokuwa wakati ndevu zinatoka, jua kali, ukame, wadudu waliokata zile ndevu. Kijana akishaelewa hili anaacha kabisa kusema mkulima anakaa tu anasubiri mvua.

Upande wa wanyama sema ukweli kwa lugha ya umri wao. Wengi, hata wakubwa, wanadhani ng'ombe anatoa maziwa muda wote kama bomba, hawajui kwamba lazima azae kwanza na mimba yake ni kama miezi tisa. Na kuku anataga bila jogoo, ila hilo yai halitaangua kifaranga. Swali la nyama litakuja tu, na likija jibu kwamba ndiyo, mnyama anachinjwa. Usimlazimishe mtoto kuangalia na usimcheke akilia, ila usimdanganye pia.

Sasa kuna jambo nalisema kwa hasira kidogo, mnivumilie. Usitumie shamba kama adhabu. Kachelewa, akalime. Kapiga kelele, akamwagilie. Ukishafanya hivyo mara mbili tu umeshawafundisha wote kwamba kulima ni kazi ya mkosaji, na hakuna somo lako lolote litakalokuja kufuta hiyo kitu kichwani mwao.

Usalama nao, haraka haraka ila usiruke. Mbegu za dukani zenye rangi ya pinki, bluu au kijani mara nyingi zimepakwa dawa, watoto wasizishike kwa mikono mitupu na zisipikwe kamwe. Dawa za wadudu zifungiwe na zisiwekwe kwenye chupa za soda hata siku moja. Samadi mbichi iache mbali na mboga zinazoliwa bila kupikwa, tumia iliyooza vizuri. Maharage mekundu mabichi yana sumu, mtoto asitafune, yachemshwe kweli kweli. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mkitoka shambani.

Vijana wakubwa watakuuliza inalipa? Usiwajibu kwa maneno matamu. Mpe kila grupu daftari, waandike mbegu, mbolea, maji, na masaa ya kazi yao wenyewe, hilo la masaa ndo wengi wanalisahau, alafu mwisho wapime mavuno wapige hesabu. Wakipata hasara ni sawa, watafute ilipotokea. Mwaka mmoja grupu moja waligundua muda mwingi waliutumia kubeba maji kutoka mbali, msimu uliofuata wakahamisha bustani karibu na bomba na wakatandaza nyasi kavu kwenye matuta ili udongo usikauke haraka, hakuna aliyewaambia.

Mkishavuna, pikeni na mle pamoja siku hiyo hiyo ikiwezekana, hata kama ni kijiko kimoja kwa mtoto. Ila maharage acheni maganda machache yakaukie kwenye mche mpaka yapige kelele ukiyatikisa, toeni mbegu, zikauke vizuri kivulini, zitieni kwenye bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha mtoto aandike jina lake na tarehe aliyovuna, darasa linalokuja wataanza na hiyo.